Mshika Fomu wa Visimani

Nchi yenyewe sitaitaja. Ukiona inafanana na yako, mlaumu aliyeijenga yako, usinilaumu mimi. Mimi ni mtu mwoga na mtiifu, niliyekitumikia Chama miaka ishirini na sita bila kuulizwa swali na bila kuuliza, na nia yangu hapa ni kusifu tu.

Katika nchi hiyo kuna Chama. Vipo na vyama vingine viwili vitatu, ambavyo hupewa vibali vya mikutano siku za mvua kubwa, lakini ukisema Chama kila mtu anajua unasema kipi. Alama yake kwenye karatasi ya kura ni kufuli. Waasisi walilichagua kwa kuwa kufuli hulinda mali ya mnyonge. Vijana wa siku hizi wana maelezo mengine, ila vijana wa siku hizi hawakuwepo kwenye kikao.

Mwenye kauli ya mwisho ndani ya Chama anaitwa Juu. Hana jina lingine. "Juu wamesema." "Tunawasubiri Juu." "Hilo ni la Juu." Sijawahi kukutana na mtu aliyewahi kukutana na Juu. Ukiuliza wilayani watakwambia ni mkoani, mkoani watakwambia ni makao makuu, na makao makuu, nilipofika mara moja kupeleka ripoti, walitazama dari nami nikatazama dari, tukakaa hivyo kwa heshima hadi nilipopewa ruhusa ya kuondoka.

*

Utaratibu mzuri kama huo hausimami bila nidhamu, na nidhamu yetu ilisifiwa hadi nchi jirani. Mbunge wetu wa jimbo la Visimani, Mheshimiwa Kibwana Mlekwa, alikuwa mfano wa kuigwa. Kwa miaka mitano alizungumza bungeni mara tatu. Mara mbili alisema, "Naunga mkono hoja." Mara ya tatu aliomba dirisha lifungwe kwa sababu mvua ilikuwa inamlowesha, na kwa hilo akaandikiwa barua ya onyo, kwani Chama kilikuwa bado hakijatoa msimamo kuhusu madirisha.

Kila unapokaribia mswada mkubwa, wabunge wa Chama hupakiwa kwenye mabasi, wakapelekwa hoteli moja ya mbugani, simu zao zikakusanywa kwenye kapu, ili wasisumbuliwe na watu wanaowawakilisha. Huko kuna mwalimu wa kunyoosha mkono. Mkono wa kulia, kiwiko kisikunjwe, usimtangulie Mnadhimu wa Chama wala usimchelewe. Anayechelewa hunyimwa kifungua kinywa.

Hivyo ndivyo ulivyopita, kwa hatua ya kwanza, Mswada wa Kuratibu Visima. Unasema kila pampu ya maji ya umma nchini ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae wilayani, ili maji yapate kupumzika. Kura ya mwisho ikaachwa ipigwe na Bunge jipya, baada ya uchaguzi. Sasa, Visimani hakuna mto wala bomba. Kuna pampu za mkono kumi na tisa na watu elfu arobaini. Mheshimiwa Mlekwa alinyoosha mkono vizuri mno, picha yake ikatoka gazetini. Aliporudi nyumbani, mama yake mzazi alimpa maji ya kuoga nusu kikombe, akamwambia ajizoeshe.

Mwezi uliofuata Mheshimiwa alitangaza kuwa hatagombea tena, kwa sababu za kiafya.

*

Chama chetu ni cha kidemokrasia. Wanachama wa jimbo hupiga kura ya maoni kumpata wanayemtaka, kisha matokeo yanapelekwa Juu, kisha Juu wanateua wanayemtaka wao. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kura inafanya kazi gani hapo katikati. Akajibiwa kuwa inaitwa kura ya maoni, na maoni ni kitu cha mtu binafsi.

Safari hii walijitokeza wanne. Kikao kilifanyika kwenye ghala la alizeti, na kutoka mkoani alikuja Ndugu Mbarouk Tindwa, Katibu wa Nidhamu, mtu mpole, mwenye daftari dogo ambalo watu hulitazama kuliko wanavyomtazama yeye. Alimuuliza kila mmoja swali moja tu.

"Chama kikisema mchana huu ni usiku, wewe utasema nini?"

Wa kwanza akasema atawasha taa. Wa pili akasema atalala. Wa tatu alikuwa Ndugu Salvatori Kapungu, mwagizaji mkubwa wa makufuli, ambaye hakufika Visimani siku hiyo wala siku nyingine yoyote kabla yake. Alituma salamu, na salamu zikapigiwa makofi kwa maelekezo.

Wa nne alikuwa Bi. Mwanawetu Shekivuli, katibu wa tawi letu. Kazi yake ni fundi wa pampu. Pampu zote kumi na tisa amezifungua kwa mkono wake, anatembea na baiskeli na mfuko wa spana, na vidole vyake havitoki grisi hata siku ya Idi. Alisimama, akamtazama Ndugu Tindwa kama anavyotazama pampu iliyokauka.

"Nitakwambia, ndugu yangu, utoke nje uangalie."

Ndugu Tindwa akaandika.

"Na huo mswada wa visima," akaendelea Bi. Mwanawetu, "mimi nikifika bungeni nitasema hapana. Nasema leo, mchana, mbele ya daftari lako, ili kesho mtu asije akadai nilimficha."

Kura zilihesabiwa na mimi mwenyewe. Bi. Mwanawetu alipata elfu moja mia tisa na nne. Aliyemfuata alipata mia mbili na kumi na moja. Ndugu Kapungu alipata tatu. Moja kati ya hizo ilikuwa na tusi, lakini kwa kuwa jina liliandikwa sawasawa tuliihesabu.

*

Sasa nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Kinachomfanya mtu awe mgombea ni Fomu Namba Tisa. Bila hiyo, hata jimbo zima likupende, wewe ni mpita njia, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu kugombea bila chama. Fomu hushuka kutoka makao makuu ikiwa na muhuri na sahihi, imekamilika kila kitu isipokuwa jina. Mahali pa jina pana nukta nukta. Mimi, Mshika Fomu wa Wilaya, hukaa nayo kwenye mkoba, hupokea simu siku ya mwisho, hujaza jina mbele ya mgombea, na humsindikiza hadi dirishani.

Zamani majina yalitangazwa mapema, na waliokatwa wakawahi kuhamia vyama vingine pamoja na wafuasi wao na viti vyao vya plastiki. Juu wakajifunza. Siku hizi jina hushuka ikiwa imebaki chini ya saa moja geti lifungwe, ili aliyekatwa asipate hata muda wa kukasirika.

Dirisha lenyewe ni moja. Yalikuwa manne, matatu yakazibwa kwa matofali mwaka ule wapinzani walipowahi mapema. Dirisha hilo moja linapokea wagombea, linahakiki majina ya wapiga kura, na linatoa kadi zilizopotea. Kisha, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Juu wakatoa Waraka wa Foleni. Mtu yeyote atakayeruka foleni kwenye ofisi ya uchaguzi, afungwe miezi sita. Geti lifungwe saa kumi kamili alasiri. Waliomo ndani wahudumiwe hata ikibidi kukesha, na aliye nje ahesabiwe kuwa hakuja.

Kila mtu wilayani alielewa kuwa neno "yeyote" lilimaanisha wapinzani. Hatukuona haja ya kuliandika.

*

Siku ya kurudisha fomu nilifika saa mbili asubuhi, nikakuta uani madumu mia mbili na kumi na matatu.

Asiye wa Visimani huenda asielewe. Kwetu pampu ni chache na watu ni wengi, kwa hiyo mtu huacha dumu lake kwenye mstari akaenda shambani, akaenda kujifungua, akaenda hata kuzika, na akirudi hukuta waliopo wamelisogeza mbele, sawasawa na kama angekuwepo. Dumu ni mtu. Nimeona ndugu wa damu wakigombea shamba hadi wakashikiana mapanga, ila sijaona aliyethubutu kulihamisha dumu la mwenzake.

Bi. Mwanawetu alikuwa wa hamsini na mbili. Nilimfuata, nikamuuliza kwa sauti ya ofisi kulikoni.

"Tumekuja kuhakiki majina yetu kwenye daftari la wapiga kura, kaka," akasema. "Ni haki au si haki?"

"Ni haki. Lakini wote siku moja?"

"Wote tuna dirisha moja."

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Bwana Onesmo Nguzo. Chama kilimpendekeza kwa sifa moja, kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akifikiri. Kilichoandikwa anakifanya, kisichoandikwa hakijui. Kanuni inasema kila anayehakiki jina asomewe maelezo yote ya kurasa sita, naye akasoma, akiweka kituo kwenye kila nukta, na kwa kila mtu akaanza upya na salamu. Wagombea wa vyama vingine walikuwa wameshamaliza tangu alfajiri. Wao wamezoea kulala pale.

Saa tisa na robo nilitoka nje ya geti, kwa kuwa uani simu hazishiki. Ikaita. Sauti niliyoijua ya makao makuu ikasema, "Kapungu. Andika Kapungu. Yuko njiani." Ikakatwa.

Nilirudi ndani na fomu yangu isiyo na jina, nikakaa kwenye ngazi. Bi. Mwanawetu alinitazama mara moja, akajua. Aliinama akalisogeza dumu la bibi mmoja aliyekuwa amesinzia ukutani.

*

Ndugu Kapungu alifika saa tisa na dakika arobaini kwa magari matatu. Alishuka, akapungia mkono miti, akaenda moja kwa moja dirishani. Pale mbele alisimama mama mmoja mnene, mwenye goti lililofungwa kitambaa.

"Baba, dumu lako liko wapi?"

"Dumu gani?"

"La foleni."

"Mama, mimi ndiye mgombea."

"Na mimi ndiye mgonjwa wa goti, na niko hapa tangu saa kumi na moja. Nenda nyuma."

Alicheka, akamgeukia Bwana Nguzo wacheke pamoja. Bwana Nguzo alifungua droo, akatoa Waraka wa Foleni, akausoma wote, na muhuri akauonyesha. Alipofika kwenye miezi sita, askari wa geti, aliyekuwa amesimamia uchaguzi mara nne bila kupewa kitu cha kufanya, akasogea karibu.

Ndugu Kapungu alikwenda nyuma. Alisimama nyuma ya dumu la mia mbili na kumi na matatu kwa muda wa dakika nne, akipangusa viatu. Akatoa simu, haishiki. Akaniita.

"Wewe, andika jina la huyu msimamizi. Nitawapigia Juu sasa hivi, huo waraka ufutwe."

"Simu inashika nje ya geti, Mheshimiwa," nikasema, na Mungu anajua nilisema kwa nia ya kusaidia.

Akatoka. Juu walikuwa wanatumika. Akapiga tena. Saa kumi kamili askari alifunga geti, akatia kufuli, akarudi kivulini.

Zogo lake lilikuwa kubwa. Aligonga geti kwa ngumi, kwa simu, mwisho kwa kiatu. Bwana Nguzo alitoa kichwa dirishani, akasema waraka unazungumzia waliomo na walio nje, haukusema lolote kuhusu waliokuwemo wakatoka. Kisha akamsomea mtu wa hamsini ukurasa wa kwanza.

*

Hapo ndipo nilipobaki na karatasi yenye muhuri, sahihi na nukta nukta.

Niliogopa. Nikawa nimeukumbatia mkoba kama mtoto. Kama fomu hairudi, Chama hakina mgombea Visimani, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na kosa litakuwa langu. Na kama inarudi, lazima iwe na jina la mtu aliyemo ndani ya geti, akatie sahihi mwenyewe.

Bi. Mwanawetu alikuja akasimama mbele yangu. Watu wawili tu walikuwa mbele yake.

"Kaka, umebaki na karatasi."

"Nimebaki nayo."

"Sikuombi," akasema. "Nisikudanganye, naitaka kuliko kitu chochote. Zile pampu nimezilea. Lakini ukiandika, uandike kwa kuwa umetaka wewe. Kesho nisisikie Mwanawetu alimroga mzee wa watu."

Chaguzi tano nimekuwa mshika fomu. Mara tano nimejaza jina nililoambiwa kwenye simu, kwa mwandiko mzuri, na mara tano waliokatwa wamepita mbele yangu wakitoka, na mimi nimetazama ardhi nikasema ni maagizo. Mmoja wao alikuwa shemeji yangu. Hajala kwangu tangu siku hiyo, na ana haki. Nilizikumbuka zile kura elfu moja mia tisa na nne. Nilizigusa zote, moja moja, na nyingine zilikuwa na alama za vidole vyenye tope. Hasira ikanipanda, si kwa Kapungu, ila kwangu mimi, kwa kuwa mwandiko mzuri niliokuwa najivunia haujawahi kuandika kitu ninachokiamini.

Nikafungua kalamu. Nikaandika MWANAWETU SHEKIVULI juu ya zile nukta, nikampa.

Alipofika dirishani jua lilikuwa bado kali. Bwana Nguzo aliisoma fomu yote, akaupima muhuri kwa rula, akamwambia atie sahihi, akampa risiti. Nje ya geti honi za magari matatu zililia kwa pamoja. Foleni iliisha kesho yake saa nne asubuhi, na hakuna aliyeondoka.

*

Siku ya tatu niliitwa mkoani, mbele ya Kamati ya Nidhamu. Walikuwa saba, na Ndugu Tindwa katikati. Waliniletea chai na sambusa, jambo lililonitisha kuliko kama wangenipiga.

"Mzee wangu," akasema Ndugu Tindwa, "hakuna anayekulaumu. Jua lilikuwa kali, na umri nao umekwenda. Ulikosea jina."

Nilikisogeza kikombe pembeni.

"Nikueleze ulivyo muhimu. Tukimfukuza huyo mwanamke, kufuli linabaki bila mgombea Visimani, na hilo Juu hawalitaki. Lakini sheria inasema aliyejaza fomu akikiri kwa maandishi kuwa alikosea, jina linabadilishwa. Mwisho ni leo saa sita. Unatia sahihi, unakunywa chai, wiki ijayo unakuwa Mlezi wa Chama wa Wilaya."

"Na nisipotia?"

"Nyumba unayokaa ni ya Chama. Kazi ni ya Chama." Alisema kwa upole, akanisogezea sambusa. "Hata makaburi ya pale karibu, mzee wangu, ni ya Chama."

"Sikukosea," nikasema.

Wakatazamana. Mjumbe wa mwisho, aliyekuwa na fomu ya mahojiano, akauliza nimetumwa na nani.

"Sikutumwa."

"Haiwezekani. Hapa pana visanduku vitatu. Ametumwa na wapinzani, ametumwa na mabeberu, amepitiwa. Nitie alama wapi?"

"Andika ni mimi."

"Hakuna kisanduku hicho."

"Kichore."

Ndugu Tindwa akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki robo saa. Akaniwekea ile karatasi mbele, imepigwa chapa tayari. *Mimi, ..........., nakiri kwamba nilikosea jina la mgombea.* Akaniwekea na kalamu ya Chama, yenye picha ya kufuli.

Nilitoa kalamu yangu mfukoni. Nikalikata neno *nilikosea*, nikaandika juu yake *sikukosea*. Kisha kwenye nukta nikaandika jina langu, la baba na la babu, kwa herufi kubwa, ili asitokee wa kusema halisomeki: HEMEDI SEMDOE KALAGHE. Nikatia tarehe na saa, saa tano na dakika hamsini, nikasimama. Sambusa sikuigusa.

Barua ya kunifukuza ilikuja siku iliyofuata, pamoja na notisi ya kuhama nyumba ndani ya siku kumi na nne. Nimezisoma zote mbili kwa makini, kama nilivyozoea. Ni mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita Chama kuandika jina langu bila kukosea hata herufi moja. Nimezibandika mlangoni, upande wa barabarani, anayepita asome.

Kura ni Jumapili.